Kitambaa cha Meza

Kroshe yangu ya kwanza, sindano ya kufumia yenye ndoana kichwani, ninayo hadi leo. Inakaa ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na vifungo na pini, nami husahau kuwa ipo mpaka jambo fulani linikumbushe. Jumapili iliyopita jambo hilo lilikuja kwa simu. Mdogo wangu, anayefanya kazi na wavuvi pale Kituku, alinipigia. Tukaongea kuhusu mvua, kuhusu umeme uliokatika tangu Ijumaa, kuhusu goti la mama. Halafu akasema kwa sauti ya mtu asiyesema lolote la maana:

"Yaya, huku kwangu kuna mutu hapendake tena harufu ya sambaza."

Yaya ni mimi, dada yake mkubwa; sambaza ni vile visamaki vya ziwa letu, na huyo mtu ni mke wake, ambaye tangu aolewe amekuwa akivila hata bila ugali. Sikumuuliza kitu. Nilimwambia ampe huyo mtu tangawizi kidogo asubuhi, tukaagana, nikaenda moja kwa moja kwenye lile kopo. Wewe rafiki yangu, kama ulikulia huku kwetu Goma, umekwisha kuelewa kwa nini sikuuliza na kwa nini niliifuata kroshe. Kama hukukulia huku, keti, nitakueleza, ila itabidi tuanzie mbali kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa upande wa kaskazini wa mji, njia ya kwenda Munigi, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya yale mawe meusi ya volkano. Kiwanjani kwetu hapakuwa na udongo wa kutosha hata kupanda kitunguu, na ukianguka ukicheza, goti lilikusumbua wiki nzima. Asubuhi baridi ilipenya kati ya mbao, nasi tulijikusanya jikoni penye harufu ya makala, yaani makaa, na uji wa mahindi na soya. Upande wa pili wa ukuta wa mawe, jirani fundi alikuwa ameshaanza kugonga chukudu zake, zile baiskeli za mbao zinazobeba viazi na makala kutoka milimani. Papa, baba yangu, alisafiri na mashua za mizigo, akiwa Bukavu zaidi ya nyumbani, kwa hiyo tulibaki wanawake watatu: mama, mimi na Koko. Koko ndivyo nilivyomwita mama yake mama, aliyekuja kutoka kwao Kiwanja kututembelea na mfuko mmoja wa maharagwe, maharagwe yakaisha, yeye akabaki.

Koko hakununua uzi mpya hata siku moja. Uzi mpya, alisema, haujawahi kumfunika mtu, kwa hiyo haujui kazi. Alikwenda sokoni Birere, kwenye marundo ya nguo kuukuu, akachagua sweta kubwa nene za Wazungu, ambazo sisi tunaziita triko. Hakujali kama triko ilikuwa nzuri au imetoboka viwiko. Aliigeuza nje ndani, akatazama mshono wa ubavuni, maana triko iliyokatwa kwa mkasi haifumuki vizuri, inakupa vipande vifupi vya uzi tu, kama mtu anayejibu maswali kwa ndiyo na hapana. Akishapata iliyo sawa, tuliifumua pamoja nyumbani. Kwa Koko kufumua ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja anavuta, mwingine anakunja donge, na aliyeifanya nguo si yeye anayevuta. Niliuliza sababu. Alisema mtu akivuta kazi ya mkono wake mwenyewe anavuta kwa hasira, na uzi unakatika.

Uzi ukitoka kwenye triko huwa umejikunja kama tambi. Koko aliufua kwa sabuni, akauanika kwenye kamba, kisha akautundikia mawe meusi ili unyooke. Mawe hayakukosekana kwetu. Jirani mmoja, mama aliyekaanga mandazi kwenye kona ya barabara, hakuwahi kupita bila kuuliza kama mawe yetu yameshakauka au aje kesho. Koko alimjibu kila mara kuwa bado yana unyevu.

Siku nilipoomba kufundishwa, Koko alimwendea fundi wa chukudu. Fundi akachukua kipande cha mti wa mkaratusi kilichobaki kwenye usukani, akanichongea kroshe nene kama kidole changu, na kichwani akakata ndoana ndogo. Ilinuka dawa ya kifua kwa miezi kadhaa. Koko mwenyewe alikuwa na kroshe nyembamba ya chuma, lakini alisema mtoto aanze na kroshe nene na leni nene, leni ndilo jina letu la uzi wa sufu, kwa sababu kwenye uzi mnene kosa linaonekana kutoka mbali na halina mahali pa kujificha.

Kwanza ni mnyororo. Unafanya kitanzi kimoja, unakamata uzi, unaupitisha, unapata kitanzi kingine, na kingine. Sheria ya Koko ilikuwa kwamba mnyororo wangu utoke kwenye mlango wa nyumba hadi kwenye mlango wa jikoni, tena vitanzi vyote viwe vya ukubwa mmoja, ndipo nitafundishwa kitu kingine. Nilifuma mnyororo huo majuma mawili. Mwanzoni nilibana uzi mpaka vidole vikawa vyekundu. Nilipoambiwa nilegeze, nililegeza mpaka kuku angeweza kupita. Haba na haba hujaza kibaba, mama alinifariji, huku akipita juu ya mnyororo wangu na sufuria mkononi. Siku ulipofika jikoni nilipewa mandazi mawili, na moja lilikuwa la moto.

Baada ya hapo Koko alinifundisha kurudi juu ya mnyororo. Aliimba maneno manne bila wimbo wowote: ingia, kamata, toka, funga. Unaingiza kroshe kwenye kitanzi, unakamata uzi, unatoka nao, unafunga. Ingia, kamata, toka, funga. Nililala na maneno hayo na kuamka nayo, na shuleni mwalimu alinikuta nikiyanong'ona katikati ya somo la Kifaransa. Hakunipiga. Aliniuliza tu kama Koko wangu anafundisha pia kuzidisha.

Kosa langu lilikuwa moja, na liligoma kuniacha. Nilisahau kitanzi cha mwisho wa mstari. Kitanzi hicho hujibana pembeni, hukioni usipokitafuta, nami nikifika karibu na mwisho niligeuka upesi kwa furaha ya kumaliza. Kwa hiyo kila kazi yangu ilianza pana na kuishia nyembamba. Koko aliishika, akaigeuza huku na huku, akauliza kama nafumia mbuzi kofia. Kisha akasema lile alilolisema mara mia: "Wa mwisho naye ni mutu. Umuhesabu."

Ilikuwa kwenye majira ya mvua ndipo Koko aliponiambia tuanze kitambaa cha meza. Alileta uzi wa rangi ya maziwa uliotoka kwenye triko nene kuliko zote, akanionyesha upana kwa mkono wake: kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko. Nilishangaa kidogo. Meza tuliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, na juu yake palitandikwa plastiki yenye maua. Lakini nyumba nyingi mtaani zilikuwa na vitambaa vya kroshe juu ya viti, juu ya redio, hata juu ya kasha la televisheni iliyoharibika zamani, kwa hiyo sikubisha.

Ajabu ni jinsi wanawake walivyokipenda kitambaa hicho. Mama wa mandazi aliacha kuuliza habari za mawe, akaanza kuuliza habari za meza. Fundi amesema itakuwa tayari mwezi gani? Ina miguu mizuri? Koko alijibu kwa utulivu kuwa fundi wa meza hiyo hapendi kuharakishwa. Mama, akiwa ameketi na kupeta maharagwe, aliinama na kucheka ndani ya ungo. Nami nilicheka kwa sababu wao walicheka.

Si kwamba nilikuwa mjinga. Siku moja nilimwona mama akiinuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta, mkono mwingine mgongoni, na yote yakanijia mara moja. Nilikumbuka pia kwamba miaka miwili kabla yake alikuwepo mtoto mwingine, wa kiume, aliyekaa kwetu siku kumi na mbili. Hakuna aliyemtaja. Kwa Koko, na kwa akina mama wengi wa mtaa, mtoto aliye tumboni hashonewi nguo, hafumiwi kofia, wala hasemwi, kwa sababu hujui nani anasikiliza. Lakini huku kwetu ni baridi, na mtoto akizaliwa lazima afunikwe. Ndiyo maana kukawa na meza. Kila mwanamke aliijua, kila mmoja aliisaidia kubaki meza, na nilipogundua niliona fahari kuingia katika siri ya watu wazima bila kualikwa.

Fahari hiyo ndiyo iliyoniponza. Kitambaa kilipofika nusu nilianza kutembea nacho, hata kwenye foleni ya maji. Pale kwenye bomba palikuwa na bidoni, madumu ya maji ya manjano, mstari mrefu, na wanawake wa mitaa mitatu. Msichana mmoja mkubwa kuliko mimi akakishika kitambaa changu, akakivuta kwa vidole viwili, akasema hajawahi kuona meza inayosikia baridi. Wenzake wakacheka. Nilihisi masikio yanawaka. Nikasema kwa sauti, ili na wa mwisho kwenye foleni asikie, kwamba hakikuwa cha meza, kilikuwa cha mtoto wa mama, na mtoto atazaliwa hivi karibuni.

Kicheko kilikatika. Mama wa mandazi, aliyekuwa mbele yangu, aliinama kukaza kifuniko cha bidoni ambacho kilikuwa kimekazwa tayari. Mwanamke mmoja nisiyemjua akasema, haya, Mungu amlinde, kwa sauti iliyonitisha kuliko kama angenigombeza. Nilibeba maji yangu hadi nyumbani, na habari ikawa imefika kabla yangu.

Kesho yake asubuhi Koko aliniita uani, akaniambia nilete kitambaa. Akatafuta mwisho wa uzi, akavuta, akanipa nikunje donge. Mistari ilikwenda mmoja baada ya mwingine, trrr, trrr, ile sauti ndogo ninayoisikia hata sasa. Nililia, nikamwambia nitafuma kingine kizuri zaidi, nikamwambia sitasema tena. Alivuta bila hasira na uzi haukukatika. Alipomaliza alisema, "Leni tunaifumuaka. Maneno, hapana." Akaliweka donge chini ya kitanda chake. Nilimchukia, nakuambia ukweli, kwa muda wa siku tisa.

Siku ya kumi nilitoka shule mchana na mvua, nikakuta mlango umefungwa. Mama wa mandazi aliniita chini ya turubai lake. Aliniambia mama alishikwa na uchungu alfajiri, amezaa tangu saa nne, mtoto wa kiume, mdogo sana, amekuja mwezi mzima kabla ya wakati. Nilimuuliza kama yuko hai. Alisema yuko hai, akanishika kichwa, na mkono wake ulinuka mafuta na unga.

Koko akarudi kutoka maternite, hospitali ya wazazi, amelowa hadi mabegani. Wauguzi walikuwa wamemlaza mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na wakasema aletewe kitu cha moto cha kuwafunika wote wawili, maana vitenge vilikuwa vimelowa njiani. Ndani ya nyumba hapakuwa na kitu kama hicho. Tulikuwa tumekitii kimya vizuri kabisa. Koko alitoa lile donge chini ya kitanda, akakata uzi katikati, akanirushia nusu yangu. Alisema yeye ataanzia upande mmoja na mimi upande mwingine, tutakutana katikati.

Sikuweza. Nikalisema lile nililokuwa nimelibeba tangu pale chini ya turubai.

"Koko, ni kinywa yangu ilimutoa mbele ya wakati."

Aliiweka kroshe yake mapajani. Maji yalikuwa bado yanamtiririka kwenye nywele. "Yule wa kwanza tulimunyamazia sisi wote," alisema. "Hakuna mutu alisema, hakuna mutu alifuma hata kofia. Na akaenda. Sasa uniambie, ni kinywa ya nani ilimubeba?"

Nikamuuliza swali la kitoto, ambalo hata leo naona ndilo swali lenyewe.

"Sasa juu ya nini ulifumua ile yangu?"

"Niliogopa," Koko alisema. "Mutu mukubwa akiogopa, anafanyaka ile aliona mama yake akifanya. Kamata kroshe."

Nikaikamata. Tulifuma tumeketi magoti kwa magoti karibu na mbabula, jiko letu la makala, mvua ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba tusingesikiana hata tungetaka. Ingia, kamata, toka, funga. Uzi ulikuwa haujapata muda wa kunyooshwa, bado umejikunja, kwa hiyo kila mstari ulitoka na mawimbi. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya uzi mnene: kwa mistari michache tayari una kitu. Koko alifuma mara mbili ya mwendo wangu, akafikia katikati na kuvuka, akanikuta. Alipounganisha vipande viwili tuliona wote kwamba upande wake ulikuwa mraba safi na upande wangu ulikuwa umepungua na kuwa mwembamba, maana kwa hofu yangu yote nilikuwa nimesahau tena kitanzi cha mwisho. Niliinua mikono nikunje donge. Koko alikizungusha kitambaa mkononi, akakiweka ndani ya mfuko wa plastiki, akasema twende, upande mwembamba utakaa kichwani.

Tulifika maternite kabla lango halijafungwa. Mama alikuwa amelala ameegemea mto, na kutoka kwenye kifua chake kilionekana kichwa kidogo kama chungwa, chenye nywele nyingi. Koko aliwafunika, upande wa mraba kwa mama, upande wangu juu ya kile kichwa, na kweli ulikaa kama umepimwa. Mama akapitisha vidole kwenye mawimbi ya uzi. Akanitazama mimi, si Koko.

"Kumbe meza imefika," alisema.

Tukacheka watatu, halafu Koko akaenda dirishani na kukaa huko muda mrefu akiangalia mvua. Siku kumi na mbili zilizofuata hakuna aliyezihesabu kwa sauti, lakini sote tulizihesabu. Siku ya kumi na tatu Koko aliamka, akaenda mwenyewe kwa mama wa mandazi, akamwambia waziwazi, mbele ya wateja, kwamba mjukuu wake wa kiume ananyonya vizuri. Wateja wa asubuhi hiyo walipata andazi la nyongeza.

Ndivyo alivyokuja huyu bwana wa Kituku, ambaye leo anainama kuingia mlangoni kwangu. Kitambaa chake hatunacho. Katika moja ya safari zetu za kukimbia vita na volkano, magodoro kichwani, mama alikutana na mwanamke aliyekaa kando ya njia na kichanga, akakivua begani na kumpa bila kusimama. Koko tulimzika kwao Kiwanja. Nyumba ya mbao haipo, pamejengwa ghorofa, na fundi wa chukudu alihama na nyundo yake, sijui wapi. Siku hizi wasichana wanapiga picha za matumbo yao na kuziweka kwenye simu, na nguo za mtoto zinakuja zimekunjwa ndani ya plastiki, kofia na soksi rangi moja. Siwacheki. Hawaogopi, na ninafurahi kwamba hawaogopi. Ninachokosa ni ule uongo mmoja uliotunzwa na mtaa mzima kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Sijui siku hizi mtaa ungetunza nini pamoja kwa muda mrefu hivyo.

Jumatatu nilikwenda Birere. Marundo ya triko yapo bado, lakini macho yangu hayana tena subira ya kufumua, kwa hiyo nilisimama kwenye kibanda cha leni mpya, Koko anisamehe. Nilichagua nene kuliko zote, rangi ya maziwa. Msichana muuzaji, mchangamfu, kucha ndefu, akaniuliza nataka kufuma nini ili anijulishe niongeze madonge mangapi.

Nilimwambia ni kitambaa cha meza.

Akauliza meza yenyewe ina ukubwa gani. Nikanyoosha mkono na kumwonyesha, kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko. Aliutazama mkono wangu, akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayejiuliza nyumba ya huyu mama ikoje.

"Hiyo meza iko kidogo sana, mama," alisema.

"Itakua," nilimwambia.